Matunzo ya Injini ya Pikapu, na Dhamana ya Kiwanda



Karatasi hii imeandikwa kwa ajili yako uliyenunua pikapu ya dizeli, au unayekusudia kuinunua, peke yako au pamoja na wenzako katika chama, ili kupeleka viazi, maziwa na mboga sokoni. Pikapu ni kama ng'ombe wa maziwa: ina chakula chake, maji yake na magonjwa yake. Tofauti ni kwamba ng'ombe akiugua hukataa kula, na mwenyewe akaona; injini huendelea na kazi huku ikijiua.

Watu wengi hudhani kwamba gari jipya halihitaji kuangaliwa sana, maana lina dhamana ya kiwanda, ile ambayo wengine huiita waranti. Dhana hiyo imewatia hasara watu ninaowajua, na sehemu ya hasara yao ilitoka kinywani mwangu mimi.

Miaka michache iliyopita, chama kimoja cha wakulima wa viazi huko Kinangop, ambacho nalikuwa nakishauri, kilinunua pikapu mpya kwa mkopo wa benki. Kiangazi kilipofika, barabara zikawa vumbi tupu, wakanijia kuuliza wafanyeje na chujio la hewa. Nikawaambia walipeleke kila juma kwa mtu wa kujaza magurudumu upepo, alipulize kwa mashine yake mpaka liwe safi. Nalisema hivyo kwa nia njema, lakini sikuwa nimefungua kitabu cha gari. Baada ya miezi 14 hivi injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili, tena ikashindwa kupanda mlima ikiwa na nusu ya mzigo wake. Ilipofunguliwa, kuta za silinda zilikuwa zimekwaruzika na ringi za pistoni zimelika. Karatasi ya chujio ilikuwa na mpasuko usiozidi urefu wa punje ya haragwe.

Chama kikadai dhamana. Fundi wa muuzaji akalitazama chujio, kisha akaomba kitabu cha matengenezo. Kitabu kilikuwa na muhuri mmoja tu, ule wa kilometa 1,000. Dai likakataliwa kwa barua. Injini ilitengenezwa kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kununua mbegu, na benki haikungoja. Wanachama wanane walijitoa mwaka ule, nami sikuweza kuwalaumu.

HEWA NA VUMBI

Ili ujue kwa nini mpasuko mdogo namna ile uliweza kuua injini nzima, yakupasa kujua kazi ya dizeli. Injini hii haina plagi ya kuwasha moto kama ile ya petroli. Huvuta hewa ndani ya silinda, huishindilia mpaka iwe na joto kali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli katika hewa hiyo, nayo huwaka yenyewe. Ndivyo alivyoifikiri Rudolf Diesel, Mjerumani, ambaye injini yake ilipimwa mwaka 1897 ikaonekana yafanya kazi vizuri. Basi nguvu yote ya gari yategemea mbano wa hewa, na mbano huo washikwa na ringi nyembamba za chuma zilizovishwa pistoni. Ringi zikilika, mbano huvuja, nguvu hupotea, oili hupanda juu na kuungua. Ndio ule moshi wa buluu.

Lita moja ya dizeli haiwezi kuungua vema bila lita 10,000 za hewa na zaidi. Fikiri basi ni hewa kiasi gani ipitayo katika chujio kwa safari moja ya kwenda sokoni na kurudi, tena nyuma ya lori linalotimua vumbi. Lile vumbi la chengachenga si baya sana, maana chujio hulizuia kwa urahisi. Adui ni lile laini kama unga wa kusaga, ambalo ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Likipata njia ya kupita, huchanganyika na oili likawa kama dawa ya kunolea visu.

Sasa sikiliza yafaayo kufanywa. Fungua sanduku la chujio wakati gari liko mahali pasipo na upepo. Toa chujio, ligonge polepole kwa kiganja, kisha litazame kuelekea jua: ukiona mwanga unapenya kwa nukta hata moja, litupe. Usilipige kwa upepo wa mashine ya magurudumu, kwa kuwa nguvu yake hupasua karatasi, au hupanua vinyweleo vyake mpaka vumbi laini lipite. Ikiwa kitabu cha gari chakubali kupulizwa, basi iwe kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, si kinyume. Pangusa sanduku kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Tazama mpira wa ukingoni kama haujakauka na kupasuka, kisha fuata ule mfereji wa mpira utokao kwenye chujio mpaka injini, uguse kila kibanio. Watu wengi hununua chujio jipya na kuacha kibanio kimelegea, hata vumbi likapita mlango wa nyuma. Baadhi ya pikapu zina mdomo mdogo wa mpira chini ya sanduku, wa kutolea vumbi. Ubonyeze kwa vidole, maana mara nyingi huziba kwa matope.

Chujio jipya ni ghali, nakubali. Lakini bei yake ukiilinganisha na bei ya kufungua injini, ni kama bei ya dawa ya kupe mbele ya bei ya ng'ombe.

OILI

Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa usawa. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu pia ni vibaya, maana huchafuka kwa mapovu, na mapovu hayalainishi chuma.

Mtu asishtuke kuona oili ya dizeli imekuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Weusi huo ni masizi, na ni kazi ya oili kuyabeba. Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa: hiyo ni dalili kwamba maji yameingia, pengine kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukiiona, usiwashe injini hata kulisogeza gari kutoka uwanjani.

Katika kitabu cha gari mna majedwali mawili ya kubadilisha oili, na wengi husoma lile la kwanza tu. Jedwali la kwanza ni la gari litembealo katika lami kwa mzigo mwepesi. La pili ni la kazi ngumu, yaani vumbi, matope, mizigo mizito na safari fupifupi. Mkulima, hilo la pili ndilo lako. Ikiwa la kwanza lasema kilometa 10,000, la pili mara nyingi husema 5,000. Oili nayo iwe ya namna iliyoandikwa kitabuni, herufi kwa herufi na namba kwa namba. Kopo zuri lenye picha ya gari la mashindano si ushahidi wa kitu. Tena hakikisha chujio la oili labadilishwa pamoja nayo.

Taa nyekundu yenye sura ya birika ikiwaka njiani, simama na uzime palepale. Usiseme, nitafika kwanza pale dukani. Injini isiyo na msukumo wa oili yaweza kuharibika kwa muda wa dakika chache tu.

MAJI YA REJETA

Maji ya mto na ya kisima yana chumvi ambazo hushikamana na mifereji ya rejeta, kama ukoko ushikavyo ndani ya birika. Tumia kulanti ya namna iliyotajwa kitabuni, iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo chake. Ukiishiwa njiani, maji yoyote safi ni afadhali kuliko kukaukiwa, lakini ukifika nyumbani yamwagwe na kulanti irudishwe. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, maana maji yaliyobanwa hutoka kama risasi yakaunguza uso.

Hapa nataka kusema neno juu ya thamostati. Ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wengi wa kando ya barabara, gari likichemka, hukitoa na kukitupa, wakisema katika nchi zetu za joto hakina kazi. Gari huacha kuchemka kwa siku kadhaa, fundi akasifiwa. Kumbe injini sasa hufanya kazi ikiwa baridi, hasa asubuhi za Nyandarua au Limuru. Dizeli haiungui yote, sehemu yake huteremka ikachafua oili, na matumizi ya mafuta huongezeka. Tena sababu ya kuchemka, pengine rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, yabaki palepale. Fundi akikwambia atoe thamostati, mwulize kwanza gari lachemka kwa nini.

MAFUTA

Nozeli za pikapu za siku hizi zina matundu membamba sana, na pampu yake haina kilainisho kingine ila dizeli yenyewe. Kwa hiyo maji, uchafu na mafuta ya taa ni sumu kwake. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika dizeli ulienea hata Serikali ya Kenya, mwaka 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Nunua katika kituo unachokijua, ukatunze risiti. Ukinunua kwa dumu njiani, huna risiti, na nozeli zikifa hutakuwa na la kusema. Chini ya chujio la dizeli pana skurubu ya kumwaga maji; ifungue kila mwezi, na kila mara taa ya maji iwakapo.

Mkanda wa taimingi, kwa injini zilizo nao, hubadilishwa kwa kilometa, haungojwi mpaka ukatike. Katika Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L ni kila kilometa 100,000. Ukikatika, pistoni hugongana na valvu. Injini nyingine zina mnyororo badala ya mkanda. Uliza yako ni ya namna gani.

Na mzigo: gunia 20 za kilo 50 ni tani moja, na tani moja ndiyo pikapu nyingi ziwezayo, nyingine hata haziwezi hiyo. Lumbesa ina desturi ya kuudanganya mzani wa macho. Mzigo uliozidi huchosha klachi na injini pia, na ukipigwa picha ukiwa umezidi, picha hiyo yaweza kuletwa siku ya kudai dhamana.

DHAMANA NI NINI

Dhamana ni ahadi ya kiwanda kwamba, kitu kikiharibika kwa sababu ya chuma kibovu au kazi mbovu ya kiwandani, kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Muda wake mara nyingi huandikwa hivi: miaka 3 au kilometa 100,000, lolote litakalotangulia. Maneno hayo ya mwisho yafaa kusomwa mara mbili. Pikapu iendayo sokoni kila siku, kilometa 150 kwenda na kurudi, hutimiza kilometa 100,000 kabla ya miaka 2, na hapo dhamana imekwisha, hata kama karatasi yasema 3.

Dhamana haihusu vitu vinavyolika kwa kazi: klachi, breki, mikanda, machujio, oili. Betri na magurudumu kwa kawaida yana hati zao mbali. Haihusu ajali, mafuta mabaya, mzigo uliozidi, wala injini iliyobadilishwa chochote. Haihusu uzembe, na uzembe huthibitishwa kwa kitabu kisicho na mihuri. Tena kwa kawaida hailipi hasara ya viazi vilivyooza gari likiwa gereji. Hilo liwekee akiba yako.

Mtu aweza kusema, basi dhamana ni mtego, maana kila jambo limetolewa. Si hivyo. Kasoro za kiwanda zipo kweli, hata kwa majina makubwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Toyota Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000, zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zilikuwa na kasoro katika mtambo wa chujio la masizi. Chujio hilo lipo katika bomba la moshi, na hupaswa kuyaunguza masizi yake lenyewe. Katika magari yale halikuweza kufanya hivyo vema katika kila namna ya mwendo. Wenye magari hawakuwa na kosa. Lakini ili kuonyesha kwamba huna kosa, yakupasa kuwa na ushahidi, nao hukusanywa kabla ya ugonjwa kutokea.

Katika Kenya, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, humpa mnunuzi haki zake mbali na karatasi ya dhamana. Kwa hiyo mwuzaji akisema, hati yetu imekwisha basi hakuna neno, usiondoke kabla ya kuomba ushauri.

Injini ikiugua ndani ya muda wa dhamana, simamisha gari na uandike tarehe, kilometa, taa iliyowaka, na rangi ya moshi. Usimwite fundi wa jirani aifungue, hata kama ni shemeji yako na hodari sana, maana kufunguliwa huko kwatosha kulikataza dai. Usiendelee kulitumia gari, kwa sababu ugonjwa wa pili uliotokana na kuendelea kutembea utahesabiwa kuwa wako. Mwandikie muuzaji barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, waombe waandike sababu, na sehemu iliyoharibika uitake irudishwe mikononi mwako. Fundi mwingine asiye wa kampuni ile aweza kuichunguza na kusema vingine.

Wengi wenu hamtanunua pikapu mpya, bali iliyotumika, iliyoletwa kwa meli mpaka Mombasa. Kenya huzuia magari yaliyozidi umri wa miaka 8 yasiingizwe, lakini umri si afya, na namba za kilometa huweza kurudishwa nyuma. Gari la namna hii kwa kawaida huja bila dhamana yoyote ya kiwanda. Mwombe muuzaji akuandikie yake, hata ya miezi 3, akitaja injini na giaboksi kwa majina. Nenda kulitazama asubuhi kabla halijawashwa; ukikuta bodi ya injini ina joto, jua wameliwasha mapema ili kuficha namna linavyoamka. Liwashe mwenyewe. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si kitu ukitoweka upesi. Moshi wa buluu usiokoma, au hewa inayosukuma kwa nguvu kutoka kwenye tundu la kujazia oili injini ikinguruma, ni ringi zilizokwisha. Mlipe fundi apime mbano wa kila silinda. Malipo yake ni madogo.

Chama kile cha Kinangop kingali kipo, na pikapu ile yatembea kwa injini iliyotengenezwa. Mlangoni mwa dereva limefungwa daftari la kurasa 96 kwa kamba. Kila asubuhi dereva huandika tarehe, kilometa, kipimo cha oili na cha maji, lita za dizeli na jina la kituo alikonunua. Risiti hubandikwa kwa gundi ukurasa wa mkono wa kushoto. Kila chujio la hewa linapobadilishwa, lile la zamani hutiwa katika mfuko na kuandikwa tarehe, nalo huwekwa ghalani mpaka lifuatalo. Mwenyekiti hutia sahihi kila Jumamosi. Nami nipitapo huko, hunipa daftari nilisome kabla ya kunipa chai.